Twingo na Renault 5: Tofauti ya Bei Imejificha Wapi?

Ndugu watazamaji wa Dar es Salaam, Mombasa, Kigali, Bujumbura, Lubumbashi na kwingineko mnakonitazama, hamjambo. Ninazungumza nanyi kutoka Lille, kaskazini mwa Ufaransa, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari hadi Douai, mji ambako kampuni ya Renault inaunganisha gari lake la umeme linaloitwa Renault 5. Leo ningependa tulilinganishe gari hilo na mdogo wake, yaani Twingo mpya ya umeme, ambayo ilionyeshwa rasmi mwezi Novemba 2025, na mauzo yake hapa Ulaya yakapangwa kuanza mwanzoni mwa mwaka 2026. Swali langu ni moja: magari mawili ya kampuni ileile, yanayofanana kwa mambo mengi, yamepishanaje bei kiasi hiki, na mnunuzi wa Twingo anakosa nini hasa?

Nianze na bei yenyewe, maana ndiyo iliyowafanya watu wengi wageuze shingo. Ilipoionyesha, Renault iliahidi kwamba Twingo ingeanzia chini ya euro 20,000. Renault 5, iliyozinduliwa Geneva mwezi Februari 2024 na kutwaa tuzo ya Gari Bora la Mwaka 2025 barani Ulaya pamoja na nduguye mwenye kasi zaidi, Alpine A290, ilianza kwa takriban euro 25,000 kwa toleo la chini kabisa, na toleo la betri kubwa lilipoingia sokoni lilikuwa linazidi euro 33,000. Kwa familia ya kawaida ya hapa, pengo hilo si la kupuuza, na kwa mhamiaji ambaye kila mwisho wa mwezi ana mtu wa kumtumia fedha nyumbani, ndilo linaloamua kama atanunua gari jipya au ataendelea na la mafuta alilonalo.

Sehemu kubwa ya tofauti hiyo imo ndani ya betri. Twingo imepewa betri moja tu, ya kilowati-saa 27.5, yaani kiasi cha umeme inachohifadhi, na kwa kipimo rasmi cha Ulaya inakwenda hadi kilomita 263 kwa chaji moja. Renault 5 inakupa chaguo la kilowati-saa 40, inayofika takriban kilomita 312, au 52, inayofika hadi 410. Ukizitazama namba hizo kwa makini, utaona jambo ambalo matangazo hayalielezi vya kutosha: betri ya Twingo ni pungufu kwa karibu theluthi moja ikilinganishwa na ile ndogo ya Renault 5, lakini umbali umepungua kwa asilimia 16 hivi tu. Sababu yake kubwa ni uzito. Twingo ina kilo 1,200 hivi, ilhali Renault 5 yenye betri kubwa inakaribia kilo 1,450, na gari jepesi halihitaji umeme mwingi kuliondoa kwenye taa za barabarani mara mia kwa siku. Ninawaheshimu wahandisi waliolichagua gari jepesi badala ya kuongeza betri, kwa kuwa kila kilo ya betri isiyohitajika hulipiwa mara mbili, siku ya kununua na kila siku ya kuendesha.

Hata hivyo, kipimo rasmi si barabara kuu ya mwezi Januari. Baridi hupunguza umbali, na kasi ya kilomita 130 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo cha barabara kuu za Ufaransa na pia ndiyo kasi ya juu kabisa ya Twingo, huumaliza umeme upesi sana. Kutoka Lille hadi Paris ni kilomita zisizopungua 220. Kwa Twingo, wakati wa baridi, ningepanga kusimama njiani kuchaji bila kubahatisha, ilhali kwa Renault 5 yenye betri kubwa ningeweza kufika bila kusimama, mradi nisikimbize gari. Mota ya Twingo nayo ina nguvu farasi 82, na hulichukua gari zaidi ya sekunde 12 kufikia kilomita 100 kwa saa. Mjini hilo halina shida yoyote. Kwenye barabara kuu, unapotaka kulipita lori huku gari limejaa watu na mizigo, utalihisi.

Sasa naomba watazamaji wangu wa Lubumbashi na Kolwezi wasogee karibu, kwa sababu jambo linalofuata linawagusa wao kabla ya kumgusa mnunuzi wa Ulaya. Betri ya Renault 5 imetengenezwa kwa nikeli, manganizi na kobalti. Betri ya Twingo, inayotoka kwa kampuni ya CATL ya China, ni ya litiamu, chuma na fosfeti, na haina kobalti hata kidogo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo inayochimba zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa inatoka katika mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya mgodini. Mwezi Februari 2025, bei ilipokuwa imeporomoka, serikali ya Kinshasa ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi, na kuanzia Oktoba ikauruhusu tena kwa viwango vilivyowekewa mipaka. Ninaielewa hatua hiyo, kwa sababu mwenye mali hawezi kukaa kimya akitazama mali yake ikiuzwa kwa bei ya kutupwa. Lakini Twingo inatuonyesha upande wa pili: gari la bei nafuu, ambalo ndilo linalotarajiwa kuuzwa kwa wingi, limejengwa bila kuyahitaji madini hayo. Shaba itaendelea kuhitajika, kwa kuwa mota na nyaya za kila gari la umeme zinaitegemea. Kobalti, kwa magari ya bei ya chini, haina uhakika huo tena. Wanaopanga mustakabali wa Kolwezi wanapaswa kuyafuatilia magari madogo kama haya kwa makini kuliko yale ya kifahari.

Kwa mtumiaji, betri ya aina hii ina faida ambazo watu wa nchi za joto watazithamini. Ni ya bei nafuu zaidi, huvumilia joto vizuri zaidi, hudumu kwa mizunguko mingi zaidi ya kuchaji, na unaweza kuijaza mpaka asilimia 100 mara kwa mara bila wasiwasi mkubwa wa kuichosha. Udhaifu wake ni kwamba hubeba umeme kidogo kwa kila kilo, na baridi kali huifanya ichaji polepole. Kwa maneno mengine, betri hii inafaa Mombasa kuliko inavyoifaa Lille ya mwezi wa kwanza.

Akiba nyingine imepatikana katika namna gari lilivyosanifiwa. Magari haya mawili yanatumia msingi mmoja, lakini Twingo imefupishwa hadi mita 3.79, wakati Renault 5 ina mita 3.92, na kwa nyuma imepewa ekseli rahisi iliyochukuliwa kutoka kwa Captur, gari jingine la Renault, badala ya ule mfumo wa gharama zaidi unaoliacha kila gurudumu la nyuma lifanye kazi peke yake. Kazi kubwa ya uhandisi ilifanyika katika kituo cha Renault kilichopo Shanghai, na gari likakamilika kwa muda wa chini ya miaka miwili, jambo ambalo kampuni za Ulaya hazikuwa zimezoea. Linaunganishwa Novo Mesto, nchini Slovenia, katika kiwanda ambacho kimeshatengeneza Twingo za vizazi vilivyotangulia. Mahali hapo pana uzito wake, kwa sababu tangu mwisho wa mwaka 2023 Ufaransa imekuwa ikiyapima magari ya umeme kwa hewa ukaa inayotolewa wakati wa kuyatengeneza, na gari la Dacia Spring la kundi hilohilo la Renault, ambalo ni la bei nafuu lakini hutengenezwa China, likajikuta limekosa ruzuku ya serikali.

Ndani ya gari, mdogo anamshinda mkubwa kwa jambo moja ambalo sikulitarajia. Viti viwili vya nyuma vya Twingo vinateleza mbele na nyuma, kila kimoja peke yake, hivyo unaweza kuwapa abiria nafasi ya miguu au kuiongeza kwenye buti, kama ilivyowezekana kwa benchi la kuteleza la Twingo ya kwanza iliyoingia sokoni mwaka 1993. Renault 5 ina sura inayopendeza, na dashibodi yake ni ya daraja la juu zaidi, lakini mtu mzima akikaa nyuma ya dereva mrefu, magoti yake hayana pa kwenda. Kumbuka tu kwamba Twingo ina nafasi nne, si tano. Familia yenye watoto watatu haina sababu ya kuendelea kuifikiria.

Nimeacha chaji mpaka sasa kwa makusudi, kwa kuwa hapo ndipo ninapotofautiana na uamuzi wa Renault. Twingo ya kawaida ina chaja ya kilowati 6.6 kwa umeme wa nyumbani au wa kituo cha polepole, ambayo huijaza kutoka asilimia 10 hadi 100 kwa saa nne na robo hivi. Chaji ya haraka ya kilowati 50, inayoitoa asilimia 10 hadi 80 kwa nusu saa, inauzwa kama nyongeza, pamoja na uwezo wa kulitumia gari kuwashia vifaa vya umeme. Kwa maoni yangu, gari lenye betri ndogo ndilo linalohitaji chaji ya haraka kuliko jingine lolote, kwa sababu ndilo litakalosimama mara nyingi. Mpangaji wa ghorofani asiye na mahali pake pa kuegeshea gari, na wahamiaji wengi tuko katika hali hiyo, asinunue Twingo bila nyongeza hiyo, hata ikimlazimu kuacha rangi aliyoipenda na skrini bora. Akishailipia, pengo la bei kati yake na Renault 5 ya chini litakuwa limepungua, na hapo ndipo afanye hesabu upya.

Kwa upande wangu, kama ningekuwa nanunua kwa ajili ya kwenda kazini na kurudi, ningechukua Twingo yenye chaji ya haraka. Kwa anayesafiri kati ya miji kila wiki, Renault 5 yenye betri ya kilowati-saa 52 inastahili bei yake.

Kwenu nyumbani, magari haya yatafika kwanza yakiwa yameshatumika. Kenya hairuhusu magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane, na Kenya, Tanzania na Uganda hutumia usukani wa kulia, hivyo mtayategemea magari yanayouzwa Uingereza, ambako usukani ni wa kulia pia. Kwa Rwanda, Burundi na Kongo, mnakoendesha upande wa kulia wa barabara, Twingo ya Ufaransa itaingia bila kikwazo hicho, na Rwanda ilikwisha kuondoa kodi kadhaa za magari ya umeme tangu mwaka 2021. Muuzaji akikuletea, usianze na kilomita zilizosomwa kwenye dashibodi. Mwombe cheti cha hali ya betri, kisha fungua kifuniko cha tundu la kuchajia. Ukiona tundu la duara peke yake, gari hilo ni la chaji ya polepole tu. Ukiona matundu mawili makubwa chini yake, lina chaji ya haraka, na hilo ndilo la kujadiliana bei.