Rejeta Kubwa Haitoshi: Kupoza Dizeli Iliyohamishiwa Lori Jingine

Ndugu mafundi, nianze na kosa langu mwenyewe. Niliwahi kupachika injini ya dizeli yenye turbo kwenye lori ambalo halikuzaliwa nayo. Kila mlima, inachemsha. Nikang'oa rejeta, nikaweka nene zaidi, ikachemsha vilevile. Kumbe rejeta ya kwanza haikuwa na kosa. Upepo ndio uliokosa pa kutokea.

Ndiyo maana leo nitasema hewa kuliko maji. Dizeli ikiungua, theluthi moja na ushee ya nishati yake hugeuka kazi, nyingine huondoka na moshi, na takriban robo huingia kwenye maji. Injini ya kilowati 150 ikivuta kwa nguvu zote, rejeta inadaiwa karibu kilowati 100. Ikinguruma uani bila mzigo, inadaiwa kidogo sana, kwa hiyo jaribio la uani halikuambii kitu. Lipakie lori mzigo, litafutie mlima.

Upepo nao ni mvivu, hupita penye wepesi. Ukiacha pengo la vidole viwili kando ya rejeta, utapita hapo, na gari likienda polepole hewa ya moto ya chini ya boneti itarudi mbele kwa njia hiyohiyo. Ziba kwa raba. Feni iwe na kava inayofunika uso mzima wa rejeta, mapanga yakae nusu ndani ya mdomo wa kava na nusu nje. Bila kava, feni hupoza duara lake tu, pembe zinabaki mapambo. Feni za umeme sizichukii, ila nguvu iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi imepimwa feni ikiwa wazi, haina rejeta wala intakula (kipozeo cha hewa ya turbo) ya kuipinga.

Sasa, hewa ikishapita, inatokea wapi? Injini pana ndani ya boneti nyembamba ni kizibo. Mimi nilikata matundu kwenye kuta za ndani za madigadi, na geji ikatulia mlima uleule. Rejeta ile nene ningeirudisha dukani kama wangekubali.

Kuna mwenzetu ameniuliza pale mlangoni kama kung'oa themostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto, kunasaidia. Hapana! Kwenye dizeli nyingi, themostati ikifunguka hufunga pia baipasi, njia ya mkato ya maji kurudi kwenye injini. Ukiitoa, baipasi inabaki wazi na maji mengine yanarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Angalia pia tangi la maji: likiwa chini ya hedi (kichwa cha injini), mapovu yatakaa kwenye hedi, na palipo na povu hapana maji. Lipandishe liwe juu kuliko vyote.

Kabla ya kununua chochote, pima joto la mpira wa maji wa juu na wa chini wa rejeta lori likiwa kwenye mzigo. Yote miwili ikiwa moto na tofauti ni ndogo, shughulikia hewa. Tofauti ikiwa kubwa na injini bado inachemsha, maji yanapita kidogo. Hapo mwombe mtu akanyage mafuta, wewe uutazame mpira wa chini. Ukiona unajibana, pampu inaunyonya; tia springi ndani yake.