Uvivu Usio wa Mikono

KAKA: Karibuni tena, wasikilizaji. Dada, wiki iliyopita tulimaliza hasira. Leo ni zamu ya uvivu.

DADA: Na hapo nina neno, kaka. Vile vichwa saba vya dhambi tulivikariri tukiwa wadogo, na huu wa uvivu nikaona haunihusu. Naamka saa kumi na moja, nafagia, nabandika chai, nawahi kazini. Mvivu gani huyo?

KAKA: Ndivyo tulivyolelewa. Mvivu ni asiyeshika jembe.

DADA: Kumbe wazee wa jangwani walisema jingine. Evagrius wa Ponto, mmonaki aliyeishi Kellia huko Misri na kufariki mwaka 399, alihesabu mawazo mabaya manane. Hili la uvivu, kwa Kigiriki akedia, alisema ndilo zito kuliko yote. Humvamia mmonaki saa nne na kumzingira mpaka saa nane.

KAKA: Saa nne ipi?

DADA: Hii hii yetu! Nao walihesabu tangu jua linapochomoza. Basi ni jua la utosi, mtu yuko kibandani, chakula mpaka saa tisa. Anaona jua limegoma, siku ina saa hamsini. Anachungulia dirishani. Anatoka kupima jua. Anaangaza huku na huku, labda kuna ndugu anakuja. Mwisho anapachukia mahali penyewe na kazi yake, anasema ndugu hawapendani tena.

KAKA: Ndiyo maana uvivu huu ukaitwa pepo wa adhuhuri. Zaburi ya 91 kwetu inasema "uele uharibuo adhuhuri". Kwa Kigiriki chao ni pepo kabisa.

DADA: Lililonichoma ni hili: Evagrius anasema mtu huyo huwa mwepesi kutaka kwenda kutazama wagonjwa, kumbe anatimiza lake.

KAKA: Yaani shughuli nyingi zinaweza kuwa ndio uvivu wenyewe?

DADA: Mama yangu alilala kitandani miezi minne. Likitajwa duka, mimi. Dawa, mimi. Majirani wakanisifu. Siku moja akanishika kitenge, akasema, "Kaa basi." Nikakaa. Dakika kumi zile, kaka, zilikuwa kutwa nzima.

KAKA: Pole, dada. Sasa namwelewa Thomas wa Akwino, yule mwanateolojia wa karne ya 13. Aliuweka uvivu huu kinyume na furaha ya mapendo. Ni moyo kusononekea jema la Mungu lililo mbele yake. Kuongeza kazi hakuutibu.

DADA: Evagrius dawa yake ni saburi. Usitoke kibandani. Nami nikakaa na mama kila jioni, siku nyingine kwa shida, macho kwenye saa ya ukutani. Tulisali rozari, mimi nikiwa na haraka, yeye amefumba macho. Nilidhani kasinzia. Nikiruka Salamu Maria moja, ananirudisha.