Barabara ya magogo mpaka ziwa Harrison

Haya jamani, Kisoro mpo? Arua, Bombo, Kasese? Wazee, shikamooni. Leo niko British Columbia, magharibi mwa Kanada, kwenye barabara ya msituni inayofuata ukingo wa magharibi wa ziwa Harrison. Kuna ndugu aliniandikia: "Wewe umeendesha Kanaba, ile barabara ya milimani ya Kabale kwenda Kisoro, Uganda, kabla ya lami, mvua inanyesha, theluji itakushinda nini?" Basi tazama, ndugu yangu.

Hii theluji laini mnayoiona haina neno, tairi inauma vizuri. Kazi iko pale mbele, kwenye kivuli cha misonobari. Malori yamepita yakaishindilia, jua haliingii, imekuwa barafu tupu. Na leo joto ni kama sifuri, kwa hiyo juu yake kuna utando wa maji. Afadhali ingekuwa kumi chini ya sifuri, tairi ingeshika zaidi. Matope ya Kanaba yalikuwa yanakuvuta pembeni taratibu, unapata nafasi hata ya kumwita Mungu. Hapa hupati.

Gari hili linavuta kwa magurudumu yote manne. Mtu akisikia hivyo anajiona bingwa! Inasaidia kuondoka, lakini kusimama ni tairi tu. Ngoja niwageuzie kamera... mnaona ubavuni, kamchoro ka mlima na chembe ya theluji? Hiyo ndiyo ya kutafuta unaponunua. Barabara kuu za milimani hapa, tairi za baridi ni lazima kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30. Mteremko nashuka na gia nzito, breki naigusa kwa kuibembeleza.

Sasa, wenye barabara hii ni malori ya magogo. Lililojaa halikupishi, unalipisha wewe, maana haliwezi kusimama ghafla. Kwa hiyo madereva wanatangaziana kwa redio: jina la barabara, kilomita, unapanda au unashuka. Simu huku haishiki kabisa.

Lile pale ziwa, katikati ya miti. Mtauliza mbona halijaganda: ni refu kwenda chini mno, maji yake hayapoi haraka. Nilitaka nishuke niwaonyeshe ufukwe, lakini... mmesikia? Limejaa, kilomita 22, linashuka. Mimi niko 19. Kuna sehemu ya kupishania hapo nyuma, narudi kinyumenyume. Nazima kamera, nahitaji mikono yote miwili.