Sifa Tulizozitafuta Ndizo Zinazotusumbua: Mathenge, Magugu Maji na Mimea Mingine Vamizi

Mabibi na mabwana, tuanze na mahindi. Yametoka Meksiko. Mihogo, nyanya na mapapai navyo vimetoka Amerika. Vyote ni vigeni, lakini hakuna aliyekuta mahindi yameteka msitu. Gunzi limefungwa kwa maganda yake na punje hazidondoki zenyewe. Usipolivuna, likianguka punje zitaota zote mahali pamoja, zigombanie maji na mwanga, zife. Bila mkulima mmea huo hauna maisha. Kwa hiyo ugeni peke yake hautuelezi kitu.

Wanaikolojia wana kadirio wanalolitumia mara nyingi: kati ya mimea 10 ya kigeni inayoponyoka mashambani na bustanini, mmoja hivi huweza kujizalisha wenyewe porini, na kati ya 10 ya aina hiyo, mmoja hivi hugeuka kero. Ni kadirio tu, na kwa miti hali huwa mbaya zaidi. Swali ni huyo mmoja ana nini.

Jibu la haraka ni kwamba amewaacha maadui zake, yaani wadudu na magonjwa, alikotoka. Ni kweli, lakini ni nusu ya jibu. Tuutazame mti wa mathenge, maana pale Baringo, Kenya, sababu zote zimekutana.

Asili ya mti huu ni Amerika ya Kati, kaskazini mwa Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi. Kenya uliletwa mwaka 1973 kuotesha miti kwenye machimbo ya mawe ya Bamburi, Mombasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo kwa ajili ya kuni na kuzuia jangwa. Sasa tazameni waliouchagua walitaka mti wa namna gani: ustahimili ukame na udongo wa chumvi, ukue haraka, uwe na miiba na majani ambayo mifugo haiyapendi, uzae mbegu tele, na ukikatwa uchipue. Mwombe mtaalamu wa magugu akutajie sifa za mmea vamizi, atakusomea orodha ileile. Hawakukosea kuchagua. Walipata walichokitafuta, na tatizo ni kwamba sifa hizo haziishii kwenye mpaka wa mradi.

Halafu kuna idadi. Ukileta mche mmoja, ukame au mchwa wanaweza kuumaliza na hadithi ikaishia hapo. Ukipanda miche mingi, sehemu nyingi, miaka mfululizo, umeuondolea mmea bahati mbaya. Hiki ndicho kitu kinachotabiri uvamizi vizuri kuliko vingi, na ndicho kinachosahaulika zaidi.

Kuenea kwenyewe kulitegemea mbuzi. Maganda ya mathenge ni matamu na huiva wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimekwisha. Mnyama anayala na kutembea nayo. Mbegu imefungwa kwenye gamba gumu ambalo maji hayapenyi kirahisi. Tumbo linalilainisha, na mbegu inatoka salama ndani ya kinyesi, imewekewa mbolea tayari. Ndiyo maana mathenge hufuata njia za mifugo, maboma na sehemu za kunyweshea. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikasomba mbegu hadi kwenye mabonde ya mafuriko kando ya Ziwa Baringo. Kabla ya hapo mti ulikaa zaidi ya miaka kumi watu wakiuona wa kawaida. Kipindi hicho cha ukimya huwapoteza wengi: mmea haujatulia, unajenga akiba ya mbegu.

Utamu ule una gharama nyingine. Maganda hukwama kwenye fizi, meno ya mbuzi yanaoza na kung'oka, na mnyama asiye na meno hawezi kula. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo walipeleka kesi mahakamani Nairobi, na mbuzi kibogoyo akaletwa kama ushahidi. Mwaka 2008 serikali ya Kenya ikautangaza mathenge kuwa gugu hatari kisheria.

Lakini pia ardhi ilikuwa wazi. Malisho yaliyoliwa hadi udongo ukaonekana hayana nyasi za kushindana na mche mchanga. Hapo ndipo gugu karoti linapoingia, lile linalosumbua Arusha na Kilimanjaro. Asili yake ni nchi zinazozunguka Ghuba ya Meksiko. Linaweza kutoa maua ndani ya wiki 4 hadi 6, na mmea mmoja uliokomaa hutoa mbegu zaidi ya 10,000. Lina kemikali inayozuia mimea jirani kuota, inayowapa watu upele na kubana kifua, na ng'ombe akilila maziwa yanakuwa machungu. Kwenye nyasi nzito linapata taabu. Kwenye bega la barabara iliyochongwa juzi, au uwanja uliofyekwa hadi chini, linatawala. Magari, mchanga wa ujenzi na marobota ya nyasi ndio wasafirishaji wake.

Magugu maji ya Ziwa Victoria yanaonyesha upande wa maadui na upande wa chakula. Yametoka bonde la Amazoni, yakaonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, mengine yakiteremka na mto Kagera. Yakipata joto na maji yenye naitrojeni na fosforasi kutoka mashambani na mijini, huongezeka maradufu kwa wiki moja hadi mbili. Yakaletwa mafukusi, wadudu wadogo wanaoyala kwao Amerika ya Kusini: Uganda iliwaachia mwaka 1995, Kenya na Tanzania mwaka 1997. Fukusi mzima hukwangua jani. Lava hutoboa bua hadi kwenye kitovu cha mmea, maji yanaingia, mmea unaoza na kuzama. Kufikia mwisho wa muongo huo eneo kubwa lilikuwa limesafishika, ingawa wataalamu bado wanabishana sehemu gani ilikuwa kazi ya fukusi na ipi ya hali ya hewa ya El Niño. Yalirudi baadaye, hasa ghuba ya Winam karibu na Kisumu, kwa sababu mbegu hulala kwenye tope hata miaka 15 au 20, na mbolea ya bure inaendelea kumiminika.

Na msidhani lazima mmea uvuke bahari. Musizi ni mti wa asili wa Uganda na eneo la Bukoba. Ulipopandwa Amani, Usambara Mashariki, ndege wakubwa aina ya hondohondo wakala matunda na kumwaga mbegu msituni, ukajaza mapengo yaliyoachwa na wakata mbao. Nchi ni ileile, ila msitu si ule.

Tuje kwenye kazi, na hapa ndipo nguvu nyingi hupotea bure. Mathenge ukiukata juu ya ardhi umeuzidisha: shina moja linarudi kama kichaka cha machipukizi. Macho ya kuchipua yako juu kidogo ya mzizi, kwa hiyo chimba kuzunguka kisiki na ukate mzizi sentimita 20 hadi 30 chini ya udongo. Miche ing'oe mvua ikinyesha, mzizi ungali mfupi. Halafu panda nyasi mara moja, na urudi kung'oa kila msimu, kwani ukiondoa kivuli mbegu zilizolala zinaamka.

Gugu karoti ling'olewe kabla ya maua, kwa glavu na nguo ya mikono mirefu. Kulifyeka kunalifanya lichipue kutoka chini. Magugu maji yasikatwekatwe na kuachwa majini: vipande vinaota, vinavyooza vinamaliza oksijeni na samaki wanakufa. Yavutwe hadi nchi kavu, mbali na mahali maji yanapofika yakipanda. Jueni pia kwamba asilimia 90 na zaidi ya uzito wake ni maji. Tani moja mnayoinua ni chini ya kilo 100 za mmea wenyewe, na hapo ndipo bajeti za mashine zinapozama.

Maganda ya mathenge ni chakula kizuri cha mifugo, lakini yasagwe mpaka mbegu zivunjike. Kuyaponda tu nusunusu ni sawa na kupanda. Na mifugo inayohama kutoka eneo lenye mathenge ifungiwe kwanza wiki moja, ilishwe majani makavu, kinyesi kikusanywe na kuchomwa, ndipo iachiwe kwenye malisho mapya.