Skyline R32 na Kanuni Zilizoizaa

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuja kusikiliza habari za gari moja. Wengi wetu tuliyajua magari ya mbio ya Japani kupitia Datsun za Safari Rally, zilizompa Shekhar Mehta ushindi mara tano kati ya 1973 na 1982. Leo naomba tuliache vumbi hilo twende kwenye lami, ambako Nissan Skyline GT-R ya mwaka 1989, iitwayo R32, inashindana tena katika mbio za magari ya kihistoria, hasa nchini Australia.

Gari hili halieleweki bila kanuni za Kundi A, yaani mbio za magari yaliyotokana na magari ya kawaida ya kuuzwa. Toleo lililoboreshwa kwa ajili ya mbio lilipaswa kutengenezwa magari 500. Nissan ikatengeneza 560 ya toleo la Nismo, tawi lake la mbio, ikauza 500 na kubakiza 60. Tena, ujazo wa injini yenye tabo, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi, ulizidishwa kwa 1.7 kabla ya gari kupangiwa daraja. Injini ya R32 ina sentimita za ujazo 2,568. Ukizidisha unapata takribani 4,366, chini kidogo ya kikomo cha 4,500. Ukubwa huo ulikokotolewa kwa makusudi, kwa kuwa daraja hilo liliruhusu matairi mapana, na gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne lilihitaji mpira wa kutosha chini yake. Mimi huona hesabu hiyo ni nzuri kuliko umbo lenyewe la gari.

Matokeo yanajulikana. Nchini Japani, kuanzia 1990 hadi 1993, R32 ilishinda mbio zote 29 za ubingwa wa magari ya Kundi A. Kule Bathurst, nchini Australia, madereva Jim Richards na Mark Skaife walishinda mwaka 1991, na wakashinda tena 1992 katika mbio zilizosimamishwa na mvua, ijapokuwa gari lilikwisha kuongezewa uzito na kufungwa vali za kupunguza msukumo wa tabo. Kisha Kundi A likafutwa, na gari lililokokotolewa kwa kanuni hizo likakosa mahali pa kushindana.

Mbio za kihistoria ndizo zilizolirudishia mahali hapo. Katika kundi la magari ya urithi nchini Australia, nakala haitoshi: linatakiwa gari lenyewe lililoshindana zamani, lenye historia inayothibitika, likiwa katika hali na rangi za wakati wake. Kazi ngumu humwangukia fundi wa umeme kuliko fundi wa bodi, kwa sababu kompyuta ya R32 ndiyo inayoamua ni nguvu kiasi gani ipelekwe magurudumu ya mbele, kupitia klachi inayobanwa kwa shinikizo la mafuta. Ni rahisi kufunga kompyuta ya kisasa, na huenda gari likawa na kasi zaidi. Lakini napinga jambo hilo kwa nguvu zote, maana litakuwa gari jingine lililovaa ngozi ya lile la kale.

Wapinzani wake nao wamerudi, ikiwemo Ford Sierra RS500, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Lami ikilowa, Sierra hulazimika kusubiri inyooke ndipo dereva akanyage mafuta, ilhali Skyline imekwisha kuvutwa na magurudumu yake ya mbele kutoka kwenye kona.