Si Hapo kwa Kabati

Mabibi na mabwana, hamjambo. Leo nimeletwa hapa na boda ya umeme kutoka Kawangware. Njiani chaji ilikaribia kuisha, tukapitia kituo cha kubadilisha betri. Nikamuuliza kijana aliyenibeba, "Hii betri imetoka wapi?" Akacheka. "Mwalimu, si hapo kwa kabati."

Msimcheke. Makampuni makubwa ya simu na magari, yakiulizwa madini ya betri zao yametoka wapi, yalijibu vivyo hivyo kwa miaka mingi, ila wao walijibu kwa karatasi zenye mihuri.

Nikiri jambo moja. Betri nyingi za boda ni za chuma na fosfeti, hazina kobalti, madini yanayotiwa kwenye betri nyingine za lithiamu. Yenye kobalti ni simu iliyo mfukoni mwako, na karibu asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa mkoa wa Lualaba ulio na mji wa Kolwezi. Nchi hiyo imo nasi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Mchimbaji wa Kolwezi akiitana na mwenzake shimoni, huita kwa Kiswahili, kile cha Katanga chenye Kifaransa kingi. Tungeelewana naye bila mkalimani.

Sehemu kubwa ya kobalti hiyo huchimbwa na migodi ya mitambo. Iliyobaki hutoka kwa wachimbaji wadogo, wanaoshuka kwa kamba kwenye mashimo yasiyo na nguzo. Mwaka 2016 Amnesty International ilieleza jinsi watoto walivyookota, kuosha na kubeba mawe hayo. Gunia hufikishwa kwenye depo. Pale mnunuzi ndiye mwenye mizani, ndiye mwenye kifaa cha kupima ubora wa mawe, na bei hutajwa naye. Kisha gunia la huyu humwagwa juu ya gunia la yule, na mzigo huo ukishapita kwenye kiwanda cha kusafishia, kwa kawaida China, hakuna awezaye kuutenganisha tena. Karatasi nyingi za "asili ya madini" huanzia hapo, baada ya mchanganyiko.

Yapo makampuni yaliyosema basi, hatutanunua tena cha mchimbaji mdogo. Mimi hapo sikubaliani nao. Ukiondoka, shimo halifungwi. Anabaki mnunuzi asiyeuliza chochote, na bei inashuka. Hata mwongozo wa Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) kuhusu ununuzi wa madini kutoka maeneo yenye migogoro na hatari, wa tangu 2011, haukuambii ukimbie kila penye doa. Unakutaka uijue hatari, uipunguze ukiwa palepale, na uvunje biashara pale tu maovu yanapokuwa makubwa.

Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya betri mwaka 2023. Inawadai makampuni yachunguze zinakotoka kobalti, lithiamu, nikeli na grafiti asilia za betri zao. Kipengele hicho kilipaswa kuanza Agosti 2025, kikasogezwa hadi 2027. Mashimo ya Kolwezi hayakusogezwa.

Na msiniambie haya ni ya Wakongo. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa madini ya risasi, nayo risasi ikaingia katika damu za watoto wa jirani. Wakaazi wakaenda kortini. Mwaka 2020 wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Risasi si kobalti, najua. Lakini aliyeumia ni yuleyule: anayekaa mwanzo au mwisho wa safari ya betri, mahali ambapo mnunuzi hafiki.

Niliposhuka nilimuuliza yule kijana swali la pili: zikichoka hizi, zinapelekwa wapi? Hakucheka. Akasema kuna zilizochoka zimerundikwa nyuma ya kituo, na hata yeye angependa kujua. Wenye vituo, kama mmo humu ukumbini, tuanzie maswali kwenu.