Kabla hujakata rufaa ya fidia, soma kwanza hiyo barua

Jamani mbukwenyi. Mliokaa nyuma sogeeni, sina sauti ya kupiga kelele. Haya niliyasema Kizota, nikayasema Nzuguni, na leo nayarudia kwa sababu bado watu wananijia na barua ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi imekunjwa mara nne mfukoni, namuuliza umekataliwa kwa sababu gani, ananijibu "wamenionea tu dada". Hajaisoma! Sasa unakata rufaa ya nini? Rufaa inajibu sababu iliyoandikwa pale. Wameandika hakuna ushahidi kwamba uliumia kazini, wewe unawapelekea kurasa tatu za ada ya watoto. Mnacheka, ila mmo humu humu.

Na hiyo sababu ya "hakuumia kazini" ndiyo inanikera kuliko zote, maana mara nyingi tumeitengeneza wenyewe siku ya kwanza. Kuna fundi mmoja wa plasta, saiti ya ghorofa hapa hapa mjini, jukwaa likaachia akashuka nalo. Foremani akampakia bodaboda mpaka zahanati, njiani anamwambia sema umeteleza bafuni, hela ya dawa natoa mimi. Fundi kasema bafuni, tabibu kaandika bafuni. Hela ya dawa ikaja wiki mbili ikakata, mguu ndo kwanza unavimba, mwajiri kujaza fomu hataki, mpaka taarifa inafika Mfuko, wao wanavuta karatasi ya zahanati wanakuta kaanguka nyumbani. Ungekuwa wewe ndo afisa pale ungeandika nini? Hata mimi ningekataa.

Tulipoomba mapitio, yaani Mfuko uuangalie upya uamuzi wake, hatukwenda kulia. Tulikaa na simu yake. Meseji za pesa kutoka kwa foremani zimo, ya kwanza tarehe ile ile ya ajali. Kuna na voisi, "vipi mguu, ukipona urudi kuna ukuta wa kumalizia". Wenzake wawili waliokuwa jukwaa lile wakaandika maelezo wakaapa mbele ya wakili. Halafu tukampeleka kwa daktari wa mifupa, akapigwa picha, kisigino kimepasuka. Kisigino jamani! Daktari akaandika kabisa kwamba mvunjiko ule ni wa mtu kutua kwa miguu kutoka juu. Bafuni unavunjika mkono, unavunjika nyonga, kisigino utakivunjaje, ulikuwa unaoga juu ya tanki? Uamuzi ukageuka.

Najua kuna mtu hapo anasema kimoyomoyo, ningesema ukweli zahanati foremani angenifukuza. Sawa, angekufukuza, na hiyo ni kesi nyingine, inaenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, una siku 30 tangu uachishwe, usije ukazichanganya zote mbili kwenye karatasi moja. Mwingine anasema mimi kibarua tu sina mkataba. Mkataba sio lazima karatasi, daftari la mahudhurio lina jina lako, malipo ya Jumamosi yako kwenye simu, hivyo ndo vya kupeleka. Mwingine, bosi wangu hachangii Mfuko. Sheria, Sura ya 263, inamlazimisha, na mchango ni wake yeye, nusu asilimia ya mishahara, wewe hukatwi hata senti. Kosa lake usilibebe.

Na hili la uzembe, eti "hakuvaa kofia". Mfuko haukuwekwa kutafuta nani mzembe, kusahau kofia sio kujiumiza makusudi, wajibuni hivyo hivyo. Kofia yenyewe mlipewa? Basi liandikeni na hilo.

Nilitaka niende kwenye asilimia za ulemavu ila mwenye ukumbi ananionyesha saa. Ukiona umepewa asilimia ndogo usibishane kwa mdomo, lete ripoti ya daktari mwingine. Taarifa ya ajali isivuke miezi 12 tangu siku uliyoumia. Na barua ya kukataliwa ukiipokea andika tarehe nyuma yake kwa kalamu hapo hapo, siku za kuomba mapitio zina mwisho, na unaanzia Mfuko wenyewe, sio kukimbilia mahakamani.

Wenye barua njooni hapa mbele, nipeni kopi tu, orijino bakini nazo.